Ukumbusho wa Waliokufa Vitani katika Kata Yetu, Moshi: Shajara ya Kazi

Oktoba. Daftari kwanza, jiwe baadaye

Kamati ya ukumbusho imeanza kazi na daftari moja kubwa la mistari. Mawe hayajaagizwa, wala hayataagizwa mpaka orodha ya majina ifungwe. Wapo waliotaka tuanze na mnara ili michango ije haraka watu wakiona kitu kimesimama. Hoja hiyo imekataliwa. Herufi ikishachongwa haifutiki, na jina moja likikosewa bamba zima linatupwa.

Kuna sababu nyingine, na ndiyo iliyotufanya tuichukue kazi hii kwa uzito. Upande huu wa mlima mtu huzikwa kihambani kwake (shamba la ukoo penye makazi), masale (mimea ya kuweka alama ya kaburi) yakapandwa, na wajukuu wakajua babu yao amelala wapi. Aliyefia Burma (sasa Myanmar), Madagaska au Uganda bila mwili kurudishwa hana nafasi kihambani. Familia nyingine hazina cheti, picha wala medali. Kwao, bamba hili ndilo litakalokuwa mahali pa pekee duniani ambapo jina lake linasomeka.

Daftari lina safu zifuatazo kwa kila mtu: jina kama familia inavyolitamka na kuliandika, majina mengine aliyoitwa (la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, na lile aliloandikishwa nalo jeshini), ukoo, kitongoji, vita, kikosi kama kinajulikana, mwaka na mahali alipofia, ushahidi uliopo, na saini za ndugu wawili kutoka nyumba mbili tofauti za ukoo huo. Safu ya majina mengine ndiyo inayookoa kazi. Mtu mmoja akiletwa na shangazi kwa jina la nyumbani, kisha na mjukuu kwa jina la ubatizo, bila safu hiyo atachongwa mara mbili.

Vita vilivyoingizwa ni Vita Kuu vya 1914–1918, Vita vya Pili vya Dunia vya 1939–1945, Vita vya Kagera vya 1978–1979, na ulinzi wa amani nje ya nchi, kama ule wa Kongo ambako askari wetu walishambuliwa Semuliki mwezi Desemba 2017. Wazee waliuliza kuhusu waliouawa na Wajerumani kabla ya hapo. Mangi (mtawala wa Kichagga) Meli na viongozi wenzake walionyongwa tarehe 2 Machi 1900 wana mahali pao Old Moshi na siku yao ya kukumbukwa kila mwaka. Tumeona si vema kuwahamisha kwenye jiwe letu.

Novemba. Nani anaingia

Hapa ndipo kamati nyingi huvunjikia, kwa hiyo tumeandika vigezo kabla ya kupokea jina la kwanza.

Anaingia aliyefia kazini, kwa risasi au kwa ugonjwa. Katika vita vya 1914–1918 upande huu wa Afrika, kuhara, malaria, nimonia na njaa viliua watu wengi kuliko risasi, na waliokufa zaidi walikuwa wachukuzi wa mizigo. Anayesema mchukuzi hakuwa mpiganaji anawaondoa walio wengi. Wachukuzi wanaingia, awe alichukuliwa na Wajerumani au na Waingereza. Wanaume wa mlima huu walibebeshwa na pande zote mbili. Mapigano ya Latema na Reata karibu na Taveta yalikuwa Machi 1916, na mwezi huohuo Moshi ikawa mikononi mwa Waingereza. Mtu angeweza kuanza mwaka chini ya bwana mmoja na kuumaliza chini ya mwingine.

Kwa Kagera hatuangalii JWTZ (jeshi la Tanzania) peke yake. Mgambo, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), polisi na magereza walikwenda pia. Familia za mgambo ndizo zenye karatasi chache, hivyo kwao tunakubali ushahidi wa watu wawili waliokuwa naye kikosini au walioitwa siku moja naye.

Suala gumu ni la aliyerudi na jeraha akafia nyumbani. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina mipaka ya tarehe: kwa vita vya kwanza, kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, kwa vita vya pili, kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Tumeichukua mipaka hiyo kwa vita hivyo viwili. Kwa Kagera tunadai karatasi ya hospitali au ya jeshi inayotaja jeraha. Bila kigezo kilichoandikwa, anayepaza sauti zaidi kikaoni ndiye atakayepata jina.

Kutafuta kumbukumbu: orodha ya Tume hiyo inapatikana bure mtandaoni. Andika sehemu ya jina, usiandike jina zima. Karani aliyeandikisha askari aliandika alichosikia, hivyo Mushi huweza kuwa Mushy, Massawe ikawa Masawe, na mara nyingi askari ana jina moja tu na la baba yake, bila ukoo. Chuja kwa kikosi. Wa Tanganyika wengi utawakuta King's African Rifles (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), hasa batalioni ya 6, au kwenye vikosi vya mizinga, uhandisi na uchukuzi vya Afrika Mashariki. Waliopotea Burma bila kaburi tafuta kwenye Rangoon Memorial, iliyo ndani ya makaburi ya Taukkyan nchini Myanmar. Wengine wako East Africa Memorial, Nairobi. Meli Khedive Ismail ilipozamishwa tarehe 12 Februari 1944 ikielekea Ceylon (sasa Sri Lanka), ilikuwa imebeba wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Familia inayosema "babu alizama na meli" ianzie hapo.

Jina lisipoonekana humo, msilifute kwenye daftari. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Kukosekana kwenye orodha ile hakuthibitishi kwamba mtu hakufa.

Desemba. Orodha ukutani

Mwezi huu ndio wa kazi hii na hakuna mwingine unaoufikia. Wachagga walioko Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi wanarudi kula Krismasi nyumbani, na ukoo mzima unakutana kihamba kimoja. Orodha ya awali imebandikwa ofisi ya kata, makanisani, msikitini na kwenye duka la pembejeo, kuanzia katikati ya mwezi hadi wiki ya kwanza ya Januari.

Herufi za orodha ni kubwa kiasi cha kusomwa na mzee bila miwani. Kila ukurasa una namba na nafasi pana pembeni ya kusahihisha kwa kalamu. Kurasa zinapigwa picha kila jioni, maana zingine huchanwa. Zilizochanwa mara nyingi zina mgogoro ndani yake: jina linalodaiwa na koo mbili, au mtu ambaye familia moja inasema alitoroka jeshini. Migogoro hiyo inapelekwa kwa wazee wa koo zinazohusika kabla ya kufika kwenye kamati.

Sheria moja haijalegezwa hata kwa wakubwa: tahajia ni ya familia. Kamati hairekebishi "Masawe" kuwa "Massawe" ili ifanane na mstari wa juu. Familia ikisaini, tahajia imefungwa.

Januari. Eneo na vibali

Viwanja vitatu vilitazamwa. Cha kanisa kimeachwa kwa sababu wamo Waislamu katika orodha, na ukumbusho wa wote usiwe ndani ya ua wa baadhi. Cha kando ya barabara kimeachwa kwa sababu kiko ndani ya hifadhi ya barabara. Siku ya upanuzi kitabomolewa bila fidia. Kimechaguliwa kipande cha uwanja wa ofisi ya kata.

Mambo mawili ya eneo hilo yanahitaji macho. Mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba) unapita upande wa juu, na maji ya mfongo hupenya chini ya udongo mwekundu polepole, msingi ukalala upande mmoja bila mtu kuona. Tumechimba mtaro wa kukinga, kina sentimita 50, ukajazwa mawe, kati ya mfongo na msingi. Jambo la pili ni mgrivilea mkubwa. Mizizi yake huinua sakafu na majani yake hudondosha rangi ya kahawia juu ya jiwe. Ukumbusho umesogezwa mita 8 kutoka kwenye shina.

Karatasi: muhtasari wa mkutano wa hadhara wenye mahudhurio, barua ya mtendaji wa kata, kibali cha ujenzi cha halmashauri na taarifa kwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Nembo ya taifa na ya jeshi hazichorwi bila ruhusa ya maandishi, kwa hiyo hatukuziweka kwenye mchoro.

Februari. Msingi na ukuta kabla ya masika

Ukumbusho ni ukuta mmoja wa mawe, upana mita 1.5, urefu kwenda juu mita 1.8, unene sentimita 40. Mnara mrefu unapendeza kwa mbali, lakini majina ya juu hayasomeki wala hayaguswi, na watu wanataka kuyagusa.

Jamvi la zege: mita 1.8 kwa 1.2, unene sentimita 30, yaani mita za ujazo 0.65. Uwiano ni 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mita moja ya ujazo ya uwiano huo inakula takriban mifuko 6.4 ya saruji, hivyo jamvi linahitaji mifuko 4 na kidogo, nunua 5. Nondo ni za milimita 12, zikipishana sentimita 20 kila upande: vipande 7 vya mita 1.7 na vipande 10 vya mita 1.1. Nondo mbili za mita 12 zinatosha kabisa bila kukunja ncha. Fundi akitaka ndoano, ongezeni ya tatu. Nondo zinakaa juu ya vitofali vya zege vya sentimita 5, zisilazwe kwenye udongo.

Vipimo vya mchanga na kokoto ni vya sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 40, upana 35 na kina 25. Hiyo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Toroli haipimi kitu, kwa sababu kila anayejaza anajaza kwa mkono wake. Maji ni lita 25 kwa mfuko, yapungue mchanga ukiwa mbichi. Fundi anayeongeza maji ili zege liteleze kirahisi anaacha vitundu vitakavyonyonya mvua ya miaka yote ijayo.

Zege limefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, siku 7, asubuhi na jioni. Majani ya migomba yanafaa juu ya jamvi ambalo halitaonekana. Yasiguse kabisa ukuta wala bamba, kwani utomvu wa mgomba ukiingia kwenye jiwe hautoki.

Ukuta ni wa mawe meusi ya hapahapa. Kwa mita 1.08 za ujazo, mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) ni karibu theluthi moja. Uwiano 1:4, mifuko 3. Kati ya jamvi na mstari wa kwanza kuna nailoni nzito ya kuzuia unyevu kupanda. Bila hiyo chumvi hupanda na maji na kuacha ukungu mweupe usoni mwa ukuta kila kiangazi. Juu kuna kofia ya zege yenye mteremko, imetokeza sentimita 3 kila upande, na chini ya ukingo wake kuna mfereji mdogo wa kudondoshea maji yasitiririke kwenye majina.

Ukuta umefunikwa turubai kabla ya wiki ya pili ya Machi. Sakafu ya mbele imeachwa ingoje Juni.

Machi na Aprili. Mabamba na maneno

Mvua inanyesha na kazi imehamia karakana ya mchonga mawe.

Jiwe letu jeusi linafaa ukuta, halifai herufi. Lina vitundu, na ukingo wa herufi unabomoka kwenye kila kitundu. Marumaru nyeupe ni laini kuchonga lakini mvua huila, na baada ya miongo michache herufi zinakuwa mabonde yasiyosomeka. Vigae vya kuchapwa hupauka kwa jua. Shaba inadumu, ila inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na bamba la shaba lisilolindwa usiku halikai. Tumechukua granaiti nyeusi iliyong'arishwa: ikichongwa, sehemu iliyochimbwa inakuwa kijivu na kusomeka bila rangi. Rangi ndani ya herufi hubanduka kwa vipande, na jina lililobanduka nusu linaonekana kama limetelekezwa.

Kila bamba ni sentimita 60 kwa 90, unene milimita 30. Uzito ni kilo 44 hivi, wa kubebwa na watu wawili. Herufi kubwa zote, urefu milimita 18, kina kisichopungua milimita 2. Mstari hadi mstari milimita 32. Ukiacha pambizo za sentimita 5 juu na chini, inaingia mistari 25. Bamba la mwisho limeachiwa mistari mitupu chini, kwa sababu majina yatakuja tu siku ukuta ukisimama na watu wakaona la jirani lipo na la kwao halipo.

Mpangilio ni wa alfabeti ya ukoo ndani ya kila vita, bila vyeo. Ofisa na mchukuzi wanapata herufi za ukubwa mmoja. Alama za dini hazipo. Familia inayotaka msalaba au mwezi itauweka kihambani.

Maneno ya juu yamechukua vikao zaidi ya kitu kingine chochote, na ilistahili. Rasimu ya kwanza ilisema "waliojitolea kwa ajili ya nchi yao". Kwa wa Kagera ni kweli tupu. Kwa mchukuzi aliyefungwa kamba mwaka 1916 akapelekwa kubeba risasi za vita vya wengine, si kweli, na jiwe halipaswi kusema uongo juu ya marehemu. Yamebaki haya: WATU WA KATA HII WALIOKUFA VITANI. Chini ya bamba la Vita Kuu umeongezwa mstari mmoja: NA WACHUKUZI WOTE AMBAO MAJINA YAO HAYAKUANDIKWA. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wachukuzi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini na za Kiarabu. Inawaheshimu kwa ujumla wao, bila jina hata moja. Kazi ya kuwataja mmoja mmoja imebaki kwa kata kama hizi, ambako bado kuna mtu anayejua fulani alikuwa mtoto wa nani.

Kusahihisha: mchongaji anachapa kila bamba kwenye karatasi la ukubwa halisi. Mtu mmoja anasoma kutoka kwenye daftari lililosainiwa, herufi kwa herufi, mwingine anafuata kwa kidole kwenye karatasi. Kisha wanabadilishana. Angalieni sana alama ya king'ong'o kwenye majina ya Ng', maana kompyuta huigeuza au kuila. Usomaji unarudiwa karatasi ya kukatia herufi ikishabandikwa kwenye jiwe, kabla mashine ya kuchonga kwa mchanga haijawashwa. Kati ya hatua hizo mbili faili huweza kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine na kubadilika.

Juni. Kufunga mabamba na sakafu

Mabamba hayabandikwi kwa saruji pekee. Yanaegemea ukingo wa zege chini na kushikwa na pini nne za steinlesi za milimita 8, zilizoingia ukutani sentimita 8 kwa gundi ya epoksi. Tundu la ukutani lipulizwe vumbi lote kwanza. Gundi ikishika vumbi haijashika ukuta. Pini ya chuma cha kawaida hupata kutu, ikavimba, ikapasua kona ya granaiti na kulia machozi ya kahawia juu ya majina. Nyuma ya bamba imeachwa nafasi ya sentimita 1 ili maji yanayoingia yashuke.

Sakafu ni mita 4 kwa 3, unene sentimita 10, uwiano 1:3:6, mifuko 6, imeinamia mbele sentimita 6 ili maji yasituame. Ina njia ya mteremko kwa wazee na kiti cha magurudumu. Masale yamepandwa pande tatu, vipandikizi vya sentimita 30, nafasi sentimita 40.

Julai. Tarehe 25

Siku ya Mashujaa kitaifa ina taratibu zake zinazojulikana: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua, kila kimoja na mwekaji wake. Sisi tumechukua mkuki na ngao na shada moja tu la pamoja. Kila familia ikileta shada lake, wasio na uwezo wanajitenga nyuma.

Ratiba: wazee waliopigana wanakaa mbele, kivulini, dua ya sheikh, sala ya mchungaji na ya padri, dakika tatu kila mmoja, kisha majina. Yanasomwa yote, na msomaji kutoka kata hii, kwa sababu mgeni atatamka koo vibaya. Sekunde 5 kati ya jina na jina. Hotuba zinakuja baada ya majina, zisitangulie. Kipaza sauti kijaribiwe siku moja kabla, na jenereta iwe mbali.

Utunzaji

Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli: maji safi na brashi laini ya katani, kutoka chini kwenda juu ili michirizi isishike. Jiki, asidi ya kusafishia choo na brashi ya waya ni marufuku. Mtaro wa upande wa mfongo unazibuliwa Februari. Funguo za boksi la daftari ziko kwa mtendaji na kwa mzee mmoja wa koo, na nakala iko kwenye ofisi ya halmashauri.

Orodha inafunguliwa tena Desemba. Anayeleta jina aje na ndugu wa nyumba nyingine ya ukoo, majina yote marehemu aliyoitwa, na karatasi yoyote iliyopo, hata barua au kadi ya zamani ya jeshi. Asiyekuwa na karatasi aje hivyohivyo na mashahidi wake wawili.